Korongo wa Getini na Fuko wa Viazi

Hivi mmewahi kumtazama korongo akivua samaki? Anasimama kwenye maji ya ukingoni, miguu kama fito, shingo kaikunja, hatikisiki. Mume wangu, baba Justa, alikuwa hivyo hivyo mwaka tisini na tano, kiwanda cha nguo kilipompunguza kazini. Kila asubuhi alipiga suruali yake ya kaki pasi ya mkaa, akatoka hapa Mkolani kwa miguu kwenda kusimama kwenye geti la kiwanda cha minofu ya sangara, angoje kuitwa kibarua. Jioni anarudi, suruali bado ina mistari ya pasi.

Mimi huku fuko ananimalizia viazi. Majani juu ya tuta yamestawi vizuri tu. Ukivuta shina, chini hamna kitu. Matuta kumi na tisa yalikwisha hivyo. Yalibaki sita, na ndicho kilikuwa chakula chetu mpaka mvua za Novemba.

"Fuko mnyama wa hovyo," baba Justa alisema akifungua viatu. "Anahangaika gizani na udongo puani. Korongo ana heshima zake. Anasubiri, samaki anakuja mwenyewe."

"Lakini fuko analala ameshiba."

"Kwa viazi vya wizi!"

"Kwani korongo samaki kawafuga yeye?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Miezi minane tunabishana wanyama, na jembe la pili limeegemea ukuta.

Fuko hapendi upepo uingie kwake. Ukiitoboa njia yake, lazima aje kuziba. Hapo unamsimamia na jembe, kimya kabisa, maana hata unyayo anausikia. Sasa mguu wangu huu wa baridi yabisi hautulii. Mara tatu niliuona udongo ukisukumwa, mguu ukatetemeka, akarudi ndani.

Mara ya nne ilikuwa alfajiri ya Jumamosi. Akaniponyoka tena. Nikarudi nyumbani, nikamkuta baba Justa mlangoni, kaki imenyooka.

"Kakushinda tena, mama Justa? Fuko kipofu!"

Nikaweka jembe chini.

"Baba Justa, mimi korongo na fuko wamenichosha. Leo usiende getini. Vua hiyo suruali, ushike jembe, twende shambani wote. Tangu siku uliyopunguzwa nilitaka hivyo tu, nikaogopa utasema nimekushusha."