Kichwa cha Wiki

Mteja alikuwa amelaza shingo kwenye sinki, povu limemjaa masikioni, pale mtandio wa msusi ulipofunguka ukamwangukia usoni. Aliusukuma kando, akafumbua macho, akakiona kichwa kilichoinama juu yake. Kilikuwa na mabaka ya upara, mengine makubwa kama kiganja, ngozi inang'aa, na vishungi vya nywele vimesahaulika hapa na pale.

"Toa mikono yako."

"Dada, bado povu."

"Nimesema toa mikono. Hayo si mapunye hayo?"

"Si mapunye. Hayaambukizi."

"Kila mwenye mapunye husema hivyo." Mteja akaketi wima, povu likimchuruzika mgongoni. "Madam, njoo uone. Yaani mnatuoshea vichwa na wagonjwa?"

Madam ndiye aliyekuwa mwenye saluni. Alikuja mbio, akaomba radhi, akammalizia mteja kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akamvuta msusi hadi stoo, kwenye ndoo za taulo.

"Si nilikwambia mtandio uubane kwa pini?"

"Niliubana. Maji yameulegeza."

"Basi kuanzia leo ni taulo tu. Mbele usionekane. Sina ubaya na wewe, mdogo wangu, lakini mimi nauza nywele. Wewe huna."

Msusi aliinama akaanza kufua. Maji yalikuwa ya baridi, na sabuni ilikuwa kali, ya kuchubua vidole.

Kabla ya maradhi alikuwa na kiti cha mlangoni. Katika saluni ile, kila Jumamosi asubuhi, wateja kabla hawajafika, wasusi walimkalisha mwenzao mmoja wakamsuka mtindo mpya. Huyo waliita kichwa cha wiki. Ndiye aliyekaa mlangoni wapita njia wamwone, na mteja anayeingia alimwangukia yeye kwanza. Mshahara haukuwepo, ulisuka kichwa, ukalipwa kichwa. Kukaa mlangoni ilikuwa kushiba. Kukaa nyuma na taulo ilikuwa kuonjeshwa.

Nywele zilianza kumtoka kisogoni. Baka likawa dogo, likawa kubwa, likapata ndugu. Nyusi ya kushoto nayo ikaaga. Mwanzoni wenzake walicheka, wakampa jina, Tikiti, naye akacheka nao. Baadaye waliacha kucheka, wakaanza kumficha vitana vyao. Hapo ndipo alipoumia.

Alipaka maji ya kitunguu, akapaka majivu, akapaka mafuta ya chupa yenye picha ya simba. Kichwa kikazidi kung'aa. Mwishowe akaenda hospitali kubwa, ambako daktari mmoja alikuwa anatafuta watu wa kujaribia vidonge vipya.

"Tatizo ni kinga ya mwili wako," daktari alimweleza. "Askari wa mwili wanadhani nywele ni adui, kwa hiyo wanazipiga."

"Nywele zimekosa nini?"

"Hazijakosa kitu."

"Basi ni askari kama hawa wetu."

Nesi alicheka. Daktari hakucheka.

Vidonge vilikuwa bure. Masharti ni kwamba asisuke, asitie dawa ya kulainisha, asivae wigi la gundi, na kila mwezi aje achukuliwe damu na kupigwa picha ya kichwa. Alikubali yote. Wakati ule hakuwa na nywele za kusuka, na sharti la kutofanya usichoweza halimlemei mtu.

Vidonge vikamletea mafua yasiyokwisha na chunusi uso mzima. Mumewe, fundi viatu, alimtazama siku moja akatikisa kichwa.

"Umekuwa msichana wa sekondari. Chunusi tele. Bado kuniandikia barua ya mapenzi tu."

"Cheka."

"Mimi nilikuposa wewe, sikuposa shungi. Achana na hayo madawa."

"Wewe mtu akikuletea kiatu, anaangalia miguu yako?"

Mumewe akaendelea kupiga nyundo.

Kisha zikaota. Kwanza vinyoya laini kama vya kifaranga, halafu nyeusi, ngumu, zake kabisa. Kila asubuhi alizishika kabla hajashika kitu kingine. Hata nyusi ilirudi. Mumewe alikuwa wa kwanza kuomba aguse, naye akamwambia anawe gundi kwanza.

Madam alimgundua stoo, mtandio umewekwa begani kwa ajili ya joto.

"Simama hapohapo." Akamzunguka. Akazivuta kidogo kwa vidole viwili, kama anayekagua kitambaa dukani. "Hizi zinashika rasta."

"Nimekatazwa kusuka, Madam. Ni sharti la dawa."

"Nani kakukataza?"

"Daktari."

"Daktari ndiye anayekulisha?"

Msusi alitazama taulo.

"Jumamosi hii wewe ndiye kichwa cha wiki," Madam alisema. "Mtaa mzima unajua una upara. Wakikuona umesukwa hadi mgongoni, watajaa hapa hadi barabarani. Kiti cha mlangoni ni chako, si cha wiki moja. Rasta zikitoka kabla sijasema zitoke, unarudi kwenye ndoo. Hata hizo ndoo kuna msichana alikuja kuziulizia jana."

Walimsuka wawili, mmoja kila upande. Nywele zilikuwa fupi, na nywele fupi hazishiki rasta za bandia bila kuvutwa toka kwenye ngozi. Alilijua hilo kuliko waliokuwa wanamsuka. Kichwa kama kile yeye angekirudisha nyumbani kikasubiri. Machozi yalimtoka yenyewe, akayaacha yatoke. Walipomaliza, paji la uso lilikuwa limekaza hata kupepesa macho ni kazi. Madam akampiga picha, akaikuzisha, akaibandika ukutani kando ya mlango.

Watu walikuja kweli. Alisuka mpaka vidole vikavimba. Chakula kilipatikana, na mwenye nyumba akaacha kugonga mlango wao kila asubuhi. Siku ya kliniki ilipokaribia, alimpigia nesi simu, akaomba aahirishe. Nesi akamwambia asiyekuja hapati vidonge. Kufumua hakuthubutu. Akajipa moyo kwamba daktari atamgombeza, kama wanavyogombezwa mama wanaochelewa na watoto, kisha mambo yatakwisha.

Daktari alisimama na kamera mkononi.

"Nini hiki?"

"Nimesukwa, daktari. Ni kazi yangu."

"Ulielezwa."

"Nilielezwa. Nitafumua sasa hivi, hapahapa. Nipe dakika."

"Si suala la kufumua. Zikidondoka nitajuaje ni ugonjwa au ni kuvutwa? Kwangu mimi umeshaharibika." Akamgeukia nesi. "Chukua vidonge vilivyobaki."

Nesi alinyoosha mkono bila kumtazama. Msusi alikuwa ameushika mfuko kwa mikono miwili. Ikabidi nesi auvute.

"Nikiacha itakuwaje?"

"Dawa hii haiponyi. Inawazuia tu wale askari. Ukiacha, wanarudi kazini."

"Basi nitanunua. Niambie inauzwa wapi, tutajibana."

Kwa mara ya kwanza daktari alimtazama usoni badala ya kichwani. "Huku haiuzwi. Ikikubalika, itaanza kuuzwa huko ilikotengenezwa."

"Na sisi?"

"Ninyi mmetusaidia sana," daktari alisema, akaifunika kamera. "Picha zako za mwanzo tutazitumia. Zimetoka vizuri."

Hakumwambia Madam. Aliendelea kukaa mlangoni na kusuka, shingo imenyooka, akilala kifudifudi ili asizisugue. Kwa muda zilishika. Kisha mchana mmoja, akiwa katikati ya kichwa cha mteja, mteja akajikung'uta.

"Dada, rasta yako imeniangukia begani."

Ilikuwa nzima, ndefu, na kwenye shina lake kilining'inia kishungi cha nywele zake. Aligusa nyingine kuirudisha mahali pake, ikamfuata mkononi. Madam aliona. Hakupiga kelele. Alimwita msusi mwingine amalizie kile kichwa, akampeleka huyu stoo akimshika bega, taratibu, kama mtu anayempitisha mzee penye utelezi.

"Kaa hapo, uzitoe zote. Usikate. Rasta bado nzuri hizo, uzioshe zitumike tena. Lakini kwanza chambua hizo nywele zako, mteja asije akazikuta."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuhitaji kufumua. Alivuta, zikaja. Alizilaza mapajani, akaanza kuchomoa nywele zake kwenye rasta, moja moja, kwa vidole vyake vya kazi, akizidondosha kwenye maji ya taulo. Zilielea juu ya povu.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo. Alisikia sauti ya mwanamke ambaye alikuwa ameingia saluni.

"Nataka kama huyu wa ukutani."

"Kaa, mpenzi. Rasta zake zinaandaliwa."

"Kapendeza huyu. Ni mtu wa hapahapa?"

"Aliacha kazi," Madam alisema. Kisha akageuza uso kuelekea stoo. "Wewe huko, lete taulo."