Nani Anachelewa Chumbani kwa Prodyuza

Kaka yangu alijipa mwenyewe jina la Prodyuza siku aliposimamisha godoro ukutani na kutundika mablanketi kwenye mlango wa kabati. Chumba anacholala ndicho studio. Ukiingia unaambiwa uzime feni, uzime simu na, kama unaweza, upunguze na kupumua.

Shangazi aliingia humo na gauni lake la kwaya, ingawa hakukuwa na wa kumwona. Huyu dada yake baba ameongoza sauti ya kwanza tangu sisi hatujazaliwa, lakini siku hizo mwalimu wa kwaya alikuwa akimsogeza safu za nyuma kidogo kidogo.

"Leo nitajua," aliniambia mlangoni. "Kama nimekwisha, namwambia mwalimu mwenyewe kabla hajaniambia yeye."

Prodyuza alikwisha kurekodi gitaa lake. Akamvisha Shangazi hedifoni, akabonyeza, Shangazi akaimba.

"Umechelewa, Shangazi. Tena."

Akarudia, akachelewa zaidi.

"Mdundo unakuacha, Shangazi. Lisikilize gitaa."

"Nalisikiliza, mwanangu."

Kila aliporudia alijikwaa, akavuta maneno, akanyamaza katikati. Mwisho akavua hedifoni, akaziweka kitandani taratibu. "Basi. Nimejua," akasema. Moyo uliniuma, na mkono ukaniwasha kumzaba kaka kofi.

Badala yake nikazivaa mimi. "Haya Prodyuza, niko tayari," nikaanza kusema kwenye maiki, na ulimi ukagoma. Sauti yangu ilikuwa inanifikia masikioni nikiwa nimeshahamia neno jingine, utadhani kuna mtu nyuma yangu ananiigiza. Hata jina langu lilinishinda kulimaliza.

"Hebu vaa wewe," nikamwambia.

Mtaalamu akavaa, akaimba, akababaika kama mlevi anayetafuta funguo. Kisha akaikodolea kompyuta macho. Kumbe alikuwa amerundika humo madoido yote aliyonayo ili kuipamba sauti yake, ambayo kweli inahitaji msaada, na kompyuta ilikuwa inahangaika nayo yote kabla ya kuirudisha sauti kwenye hedifoni. Shangazi alikuwa anajisikia kwa kuchelewa, kisha anajingoja mwenyewe.

Prodyuza akayazima madoido. Akageuza kitufe kwenye kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, ili Shangazi ajisikie moja kwa moja bila kuisubiri kompyuta.

"Nisamehe, Shangazi," akasema akiangalia nyaya. "Hukuwa wewe."

Shangazi akaimba tena. Tuliposikiliza rekodi, sauti yake ilikuwa mahali pake tangu mwanzo hadi mwisho. Lililokuwa linachelewa, kwenye kila kiitikio, lilikuwa gitaa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Nitalirekodi upya," Prodyuza akasema, uso umemshuka.

"Liache," Shangazi akamwambia. "Bonyeza."

Safari hii alipofika kwenye kiitikio alilivuta neno kidogo tu, gitaa la kaka yangu likapata nafasi ya kufika, wakaingia pamoja. Aliimba wimbo mzima hivyo, akimngoja. Prodyuza aliinamisha kichwa mezani, na mimi sikuwa na hamu tena ya kumcheka.

Shangazi akavua hedifoni, akanyoosha gauni lake.

"Jumapili nasimama safu ya mbele," akasema. "Atakayetaka kunisogeza, aje anisukume."