Besi ya Bi Marta

Besi yetu ya zamani, lile tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi ya usharika, ilikufa siku ya Mavuno, katikati ya ubeti wa pili. Fundi alikuwa amekwisha kuilehemu mara nyingi hata risasi ikaizidi shaba. Safari hii aliitazama tu, akavua kofia.

Sosthenes, mpigaji wake, hakuacha kuja mazoezini. Aliketi mahali pake mwisho wa benchi, mikono mitupu juu ya magoti, akihesabu mapigo kwa midomo. Mimi, kiongozi wa bendi, sikumwondoa. Mtu anayetimiza wajibu wake hata asipokuwa na chombo hastahili kuondolewa.

Shida ilikuwa Pasaka. Huku kwetu, milimani juu ya Ilula, alfajiri ya Pasaka hupigwa matarumbeta makaburini kabla jua halijachomoza, na matarumbeta madogo peke yake hulia kama mbuzi waliofungiwa. Mwaka huu, tena, palikuwa na kaburi jipya la Faustina, mke wa Sosthenes.

"Mzee Gideoni," aliniambia, "nataka nimpigie. Sina ombi jingine."

Binti yake Rozalia, mwalimu wa Kiingereza huko Iringa mjini, ndiye aliyeona katika simu yake besi nyingine ikiuzwa. Ilikuwa imetumika, lakini nzima, mikononi mwa bibi mmoja wa Ujerumani aitwaye Marta, mjane wa mpiga tarumbeta. Michango ya usharika ilikuwa tayari. Nilionya juu ya matapeli, kumbe bibi yule naye alituogopa sisi. Mwenye hoteli mmoja wa huko alikwisha kumwomba besi ile aitundike ukutani na kupanda maua katika mdomo wake mpana. Bi Marta aliandika kwamba maua hayo hayampendezi hata kidogo, lakini angejuaje kwamba sisi ni wapigaji kweli? Basi tumpigie simu ya video, atuone.

Mtandao wa mlimani hauaminiki. Jumamosi tulishuka Ilula, tumevaa suti na tai, tukajipanga kando ya barabara kuu, karibu na matenga ya nyanya.

"Kamwene, wababa!" akatusalimu kwa Kihehe Paskalina, mwuza nyanya. "Leo mnauza nini? Kwa tai hizo, si vitunguu."

"Tuna shughuli rasmi, mama," nikamjibu. "Tunaomba utulivu."

"Utulivu barabarani? Haya. Ngoja nikaliambie lori lile linyate."

Bi Marta akaonekana katika simu: mwembamba, kichwa cheupe, miwani imeshuka puani. Alitukagua mmoja mmoja, na Rozalia akafasiri.

"Anauliza, mpiga besi ni yupi?"

Sosthenes akapiga hatua mbele, akasimama wima.

"Anauliza, besi yake iko wapi?"

Tulikuwa tumeng'arisha shaba na kupiga pasi suti, wala hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mtu anayetafuta chombo hana chombo cha kujaribiwa nacho.

"Mwambie," akasema Sosthenes kwa adabu, "iko kwake."

Rozalia alisita, kisha akafasiri. Bi Marta hakucheka.

"Mzee Gideoni, anzisha wimbo," Sosthenes akaniambia.

"Utapiga nini, ndugu yangu?"

"Wewe anzisha."

Nikahesabu, matarumbeta yakaingia. Sosthenes akafungua mikono, akaikumbatia hewa, akavimbisha mashavu na kuitoa besi kwa kinywa chake mwenyewe: bum, bum, bu-u-um! Vidole vyake vya kulia vilibonyeza vitufe visivyokuwepo, kila kimoja kwa zamu yake.

"Jamani!" Paskalina akapaza sauti. "Baba yule amemkumbatia nani?"

"Malaika!" akajibu mwenzake.

"Basi malaika huyo ameshiba!"

Soko lote likacheka, lakini makofi yakaanza, tena kwa mapigo sahihi. Basi la Mbeya likasimama. Abiria wakachungulia, na wauzaji wakayakimbilia madirisha huku wakicheza, vikapu vichwani.

Nilipoitazama tena simu niliona kiti kitupu. Bi Marta hakuwepo.

"Usiache, baba!" Rozalia akamwambia mzazi wake. "Endelea!"

Mara simu ikatoa sauti nzito ya kukwaruza. Bi Marta alikuwa amerudi, amekumbatia besi iliyomzidi kimo, uso mwekundu, anapiga pamoja nasi! Mtandao ulimchelewesha nusu pigo. Mimi, ambaye sijapata kuvumilia jambo hilo katika bendi yangu, nilimwacha achelewe mpaka mwisho.

Alipopata pumzi alizungumza kwa muda, na Rozalia akafasiri huku akijifuta macho.

"Anasema marehemu mumewe alifanya mazoezi hivyo hivyo kitandani alipougua, kwa mikono mitupu. Anasema vidole vyako, baba, ni vyenyewe. Mwenye hoteli akatafute chungu cha maua."

Besi ilifika juma la Mitende, imeviringishwa katika mablanketi. Ndani ya mdomo wake Bi Marta alikuwa ameshindilia soksi nene za sufu, kwa ajili ya mpigaji na baridi ya alfajiri.

Sosthenes alizivaa. Alfajiri ya Pasaka alisimama katika ukungu kando ya kaburi la Faustina, na sauti yake ya kwanza niliisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Alipiga kama kijana, uso wake ukimetameta.

Paskalina, aliyekuwa amepanda mlima kutoka Ilula kwa ajili hiyo tu, akaninong'oneza kati ya ubeti na ubeti, nilipolishusha tarumbeta langu:

"Kumbe siku ile baba alikuwa anaipima. Ona, upana ni uleule!"

"Kimya, mama. Tuko makaburini."

Lakini midomo inayocheka haiwezi kupiga tarumbeta, na ubeti wa tatu uliingia bila mimi.