Ukuta wa Papa Firmin

Myriam alipopata diploma ya sekondari, alimwambia baba yake kwamba anataka kusoma ukulima chuoni. Papa Symphorien, karani wa zamani wa bandari ya Kalemie, alicheka kwanza.

"Mihogo tunalima bila diploma. Wewe utasoma sheria. Muntu wa kushitaki tuko naye hapa hapa."

Mtu mwenyewe alikuwa jirani yao, Papa Firmin, aliyejenga ukuta wa matofali katikati ya nyumba zao. Papa Symphorien alisema ukuta umekula kiwanja chake. Papa Firmin alisema ungekula zaidi, kama si huruma yake. Hawakusalimiana tena, hata kanisani padri alipowaambia watu wapeane amani.

Myriam akaingia sheria shingo upande. Kila wakiketi kula, baba yake aliuliza, "Mumefika kwenye kuta?"

"Bado, Papa. Tuko kwenye Katiba."

"Inasema nini juu ya kuta?"

"Haisemi kitu."

Papa Symphorien akatikisa kichwa. Kumbe ndiyo sababu nchi haiendelei.

Baadaye likafika somo la sheria ya ardhi, na Myriam, bila kutegemea, akalipenda. Alisoma hata akisonga bukari ya unga wa mihogo. Kwa kazi yake ya mwisho ya chuo akachagua magomvi ya mipaka ya mtaa wao. Akazunguka na mpimaji, baba yake nyuma akiwashikia kamba na kupiga mluzi.

Siku ya kuitetea kazi hiyo mbele ya maprofesa, Papa Symphorien alivaa koti, akamwendea Papa Firmin. "Kuja usikie," akasema tu. Wakakaa mbele kabisa, mama yake Myriam nyuma yao.

Myriam alieleza vizuri. Mwishoni profesa mmoja akauliza, "Na ukuta huu wa mfano wako, haki ni ya nani?"

Myriam akaelekeza kidole kwenye ramani. "Si ya mutu, Profesa. Kwenye ramani ya mji, pale katikati njo njia ya watu wote. Ukuta uko ndani ya njia. Jiko la jirani pia. Veranda pia."

"Veranda ya nani?"

"Ya baba yangu."

Ukumbi mzima ukacheka. Myriam akapewa alama nzuri sana. Wazee wawili wa mbele hawakupiga makofi.

Nje, aliwakuta wamesimama pembeni wakinong'onezana. Papa Firmin ndiye aliyeanza.

"Mutoto wetu," akasema, jina ambalo hakuwahi kumwita. "Tunakupa kesi. Mimi na papa yako, juu ya hiyo njia, mji usituvunjie."

"Papa Firmin, mimi si avoka bado, siwezi kusimama mahakamani. Kuna masomo ya masta kwanza, kisha staji kwa wakili."

Wazee wakatazamana.

"Tutangoja," akasema Papa Symphorien. "Masta utaanza lini?"

Wakatangulia kurudi nyumbani bega kwa bega, wakipanga namna ya kuificha veranda. Myriam akabaki na mama yake, akamuuliza polepole kama masta haiwezi kusomwa mbali, kule Lubumbashi.