Bolti Zenye Kiuno

Gari la mkunga lilirudi gereji likigongagonga kama debe lenye mawe, na binti wa fundi alilipokea kwa kununa, maana kazi ikirudi ni aibu ya nyumba nzima. Lilikuwa gari dogo, la zamani, na miezi miwili tu iliyopita baba yake alikuwa amelibadilishia maunti zote tatu, vile vipande vya mpira na chuma vinavyoibeba injini isigongane na bodi. Maunti mpya hazifi kwa miezi miwili. Hata zile za bandia hujikongoja mwaka.

"Nikiingiza gia linaruka," mkunga alisema. "Jana nilikuwa na mama mwenye uchungu kiti cha nyuma. Kila gia, yeye yowe, gari nalo yowe. Nikawa sijui anayezaa ni nani."

"Pole, mama. Nitalifungua sasa hivi."

"Fanya hima, mwanangu. Saa kumi nalifuata. Kesho alfajiri napanda nalo mlimani, kuna mjamzito wa mapacha ananisubiri."

Baba yake alikuwa upande wa pili wa uwanja, amewapa mgongo, anasugua gurudumu kwa brashi ya waya huku akilisimulia habari ndefu. Baba alipenda kuongea. Wateja walisema ukienda kwake huna haja ya kuuliza swali, majibu utayakuta yameanza. Yeye binti alikuwa na wiki tatu tu tangu arudi, baada ya miaka sita kwenye gereji ya watu, na alirudi kwa sababu mama yake alikuwa amekwenda, huu mwezi wa tatu, kumuuguza mama mkubwa aliyevunjika nyonga. Baba hawezi kukaa peke yake, mama alisisitiza. Binti alicheka tu. Mtu mzima mwenye ndevu nyeupe atashindwaje kukaa peke yake?

Aliweka jeki chini ya injini, akatanguliza kipande cha ubao ili bakuli la oili lisibonyee, akainyanyua injini kiasi cha vidole viwili. Kisha akaanza na maunti ya kulia. Alitia spana kwenye bolti ya kwanza, akavuta kidogo tu, kichwa cha bolti kikamdondokea kiganjani. Kichwa kitupu. Mwili wake ulibaki ndani.

"Eh!" alisema peke yake.

Ya pili ilitoka nzima. Aliifuta, akaiinua kwenye mwanga, halafu akaketi chini sakafuni bila kuchagua pa kukaa. Bolti ilikuwa na kiuno. Bolti nzima huwa nene sawasawa, lakini hii katikati ilikuwa imenywea kama nyigu. Chuma hakinywei hivyo kwa uzee. Hunywea kikikazwa kupita uwezo wake, kinavutika, na tangu hapo kinangoja tu siku ya kukatika. Ya tatu ilikuwa hivyo. Ya nne hivyo hivyo. Mipira ya maunti yenyewe ilikuwa bado inanukia upya wa dukani.

Angeambiwa ni kazi ya mwanagenzi angekubali. Lakini hii ilikuwa kazi ya baba, mtu aliyewafundisha nusu ya mafundi wa mji ule! Baba hakuwahi kutumia spana ya kupimia. Alikaza kwa kusikiliza. Bolti ikifika kikomo hutoa kilio kidogo, kwi, naye huachia papo hapo. "Ikilia mara moja imekubali," aliwaambia. "Ukiendelea, inakulilia wewe." Mtu kama huyo anakazaje mpaka chuma kiote kiuno?

"Baba! Njoo uone!"

Baba hakugeuka. Aliita tena. Labda amenuna, aliwaza, asubuhi chai ilikuwa haina sukari. Akainuka, na alipoinuka spana ndefu ikamponyoka ikaangukia sakafu ya saruji kwa kishindo. Paka aliyekuwa amelala juu ya ukuta aliruka. Fundi cherehani wa jirani alichungulia kuona kama kuna aliyekufa. Baba aliendelea kusugua, akilieleza gurudumu jinsi mwenye gari alivyolitesa.

Binti alitembea hadi akasimama hatua tatu nyuma ya baba yake.

"Baba, gari linaungua."

Brashi ikaenda, ikarudi.

"Baba," alisema kwa nguvu, akijaribu uongo mkubwa zaidi, "mimi ni mjamzito."

"Hongera, mwanangu!" fundi cherehani aliitikia juu ya ukuta.

Baba hakusikia hata hilo.

Alikwenda nyuma ya stoo, akampigia mama simu. Hakumsalimia. Alimuuliza kama baba anasikia. Upande wa pili mama akashusha pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Sikio la kushoto lilikwenda wewe ukiwa darasa la saba," alisema. "Ni kule kunyoosha mabodi kwa nyundo. La kulia lilimalizika mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Na anafanyaje kazi, Mama?"

"Hukuwa unaniona kila ukija nimekaa pale na ufumaji wangu? Bolti ikilia nainua kidevu. Yeye ananiangalia, anaachia."

Mtaa mzima ulijua kwamba mama anashinda gereji kwa wivu, analinda mali yake isiibwe na wateja wa kike. Hata yeye alikuwa akiutania wivu huo mbele ya watu. Mama akacheka naye miaka yote, asiseme kitu!

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siri ilikuwa yake, si yangu. Na aliniahidi nikiondoka hatagusa spana. Kwani amegusa?"

Binti alikata simu, akarudi, akasimama mbele ya baba yake uso kwa uso, akamfungulia kiganja chenye bolti tatu na kile kichwa kitupu. Baba aliacha kuongea. Aliichukua moja, akaipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, mpaka kidole kilipozama kwenye kiuno.

"Nilikuwa nangoja ilie," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyowahi kuisikia. "Nikavuta, nikangoja. Hazikulia. Nikasema chuma cha siku hizi kina kiburi."

Binti alimkasirikia, akamwonea huruma, akamkasirikia tena, vyote kwa wakati mmoja. Alitaka kupiga kelele, akakumbuka kwamba kelele hazina faida. Mara mkunga aliingia getini, saa moja kabla ya wakati wake, mkoba wake wa kazi begani.

"Haya, fundi, mmeona nini?"

Baba alimtazama binti yake midomoni. Binti sasa alielewa kwamba midomo ndiyo aliyokuwa akiitazama siku zote. Akaelewa na la pili, likamtisha zaidi: akimpa baba mgongo anaweza kusema lolote. Maunti zilikuwa mbovu, mama, duka limetuuzia takataka. Maneno saba tu. Jina la baba lingebaki palepale lilipo, naye angelitengeneza gari vizuri, na mkunga angepanda mlimani salama. Nani angeumia?

Aligeuka. Baba akabaki nyuma yake. Alifungua mdomo, na macho yake yakaangukia mkoba ule, ambao zipu yake ilikuwa imeshindwa kufunga kwa wingi wa glavu na vitambaa vya watoto.

Akasogea kando mpaka wote wawili wakamwona uso.

"Maunti ni nzima, mama. Bolti ndizo mbovu, moja imekatika. Baba alizikaza kupita kiasi kwa sababu hasikii. Ni kiziwi."

Mkunga aliangalia bolti, akaangalia gari, akaketi juu ya tairi. "Jana," alisema, "nilishuka mteremko wote ule na mgonjwa wangu."

Binti alimgeukia baba yake akitegemea hasira, au kwamba angeinamisha kichwa. Baba alikuwa amesimama wima, anahesabu kwa vidole, na uso wake umekuwa wa kijivu.

"Si lake tu," alisema. "Kabla hujaja yalipita mengine sita. Gari la shule nililifunga magurudumu yote manne."

Alitoa simu mfukoni, ile simu aliyodai siku zote kwamba ni ya watu wasio na kazi, akamwekea binti yake mkononi.

"Anza na la shule. Waambie ni mimi. Ningepiga mwenyewe, mwanangu, lakini watakachonijibu sitakisikia."