Aliyeambiwa Ageuze Uso

Asubuhi ile kijiji kizima kiliamka macho yamefumba. Clotilda alikuwa miongoni mwa wachache walioliona jua likipanda juu ya migomba ya njia ya Bugarama, na kila alipolitazama alitamani naye angekuwa haoni kama wenzake.

Mama yake, Josefina, alikuwa amejikunyata kitandani, kanga imemfunika kichwa.

"Funga hilo dirisha, mwanangu. Mwanga unanichoma. Ni kama mtu amenimwagia mchanga wa moto machoni."

"Limefungwa, mama."

"Basi huo unaopenya kwenye nyufa ndio unaoniua." Machozi yalimtiririka bila kilio. Kisha akafanya jambo lililomkata Clotilda maini: akacheka. "Lakini jana nilikutazama mpaka mwisho. Akina Felisita walikuwa wanapepesa. Mimi sikupepesa hata kidogo. Nikawaambia, anayeiwasha nyota ile nimemzaa mimi."

Clotilda alichovya kitambaa katika maji ya mtungi, akakikamua, akakilaza juu ya macho ya mama yake.

Ugonjwa ule aliujua. Aliujua unavyoanza, na siku utakayoisha. Kwa miezi kumi katika karakana moja kule Biharamulo, Fundi Celestini, mtu mfupi mwenye makovu ya cheche mpaka shingoni, alikuwa akiwaimbia wanafunzi wake jinsi umeme wa kuchomelea vyuma unavyoweza kumuua mtu: kwa kusimama penye majimaji, kwa waya uliochubuka, kwa pipa lililowahi kuwekwa petroli. "Lakini mwanga ndio mwizi hasa," alisema. "Unapowaka hauumi. Mtu anautazama, anarudi nyumbani, anakula, anacheka, analala. Saa nyingi zikipita ndipo unapomrudia machoni." Kwa hiyo kila fundi wake alifundishwa kuvaa barakoa ya kioo cheusi, kisha kupaza sauti na kuwageuza watu wote kabla ya kuwasha. Akiona uso mmoja tu unamwelekea, asiwashe.

Jana yake Clotilda aliona nyuso mia mbili, akawasha.

Ilikuwa hivi. Vita vya Kagera vilikuwa vimepamba moto, na kila kijiji kilikusanya chakula cha askari. Ghala lao lilijaa maharage na mihogo mikavu, lakini mkono wa tela la kijiji ulikatika, trekta ikabaki haina cha kuvuta. Mwenyekiti, Mzee Matiasi, aliomba msaada, na lori likaja kutoka Biharamulo likikokota mashine ya kuchomelea. Kando ya dereva alishuka fundi, naye alikuwa binti ya Josefina.

"Tumeomba fundi, wametuletea bibi harusi!" Anatoli, kamanda wa mgambo, ndiye aliyeanza. Alimwona akiitoa barakoa, akapiga makofi. "Jamani, na shela yake hii hapa! Bwana harusi ni nani, hili tela?"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Clotilda alivaa glavu za ngozi kidole kimoja kimoja, masikio yamemwaka.

"Wewe usiondoke, Kamanda," alisema. "Kaa hapo hapo mbele uone. Karibuni wote. Watoto wasogee, nao waone."

Kwa mdomo wake mwenyewe. Watoto wasogee.

Clotilda alimwonya mtu mmoja tu. Kazi ilihitaji wa kukishikilia chuma kikae sawa, na aliyekubali alikuwa Ndikuriyo, mzee aliyevuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili na mkewe na jembe moja. Clotilda aliinama, akamnong'oneza: "Mzee, geukia ukuta wa ghala. Usitazame mpaka nikuguse bega." Mzee akageuka. Clotilda akashusha barakoa, akagusisha kijiti cha kuchomelea kwenye chuma, na mwanga ukaruka.

Alisikia "Oooh!" ndefu ikitoka kwenye vifua vya watu wote. Kiungo kile kilitaka dakika kumi. Alikaa nacho karibu nusu saa, akichomelea juu ya palipokwisha kuchomelewa, kwa sababu ya ile "Oooh".

Sasa mlango uligongwa. Mjumbe alitaka kila mwenye kuweza kutembea afike ofisi ya kijiji. Clotilda alimwachia mama mtungi karibu na mkono, akaenda.

Ofisini, Mzee Matiasi alikaa mezani na kitambaa kibichi usoni. Anatoli alisimama huku mkewe amemshika mkono wa shati, asigonge meza. Mbele yao, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, alisimama Ndikuriyo. Macho yake yalikuwa meupe, makavu, mazima.

"Mnataka ushahidi gani tena?" Anatoli alikuwa akiuambia ukuta, akidhani ndiko aliko mwenyekiti. "Kijiji hakioni, yeye anaona! Jana kila mtu katazama mbele, yeye kageukia ukutani. Alijua kuna kitu. Katupulizia dawa, huyu katumwa na nduli! Lori likirudi saa sita apande, akajieleze Ngara."

"Niko huku, Anatoli," alisema Mzee Matiasi kwa uchovu. "Ndikuriyo, ndugu yangu. Tumelima shamba moja la kijiji miaka yote hii. Nani alikwambia ugeuke?"

Ndikuriyo alimtazama Clotilda. Hakumkazia macho, alimtazama kama mtu anayesubiri mwingine apite kwanza mlangoni. Clotilda akaangalia chini.

"Hakuna, Mwenyekiti," mzee akasema. "Shingo ilinichoka tu."

"Shingo!" Anatoli akafoka. "Mnamsikia?"

Nje, kwenye kizingiti, Niragira, mke wa Ndikuriyo, alikuwa ameketi na furushi: blanketi, sufuria, shati moja. Hakulia. Aliyewahi kukimbia nchi yake hujifunza kufunga mzigo mapema.

Clotilda alikuwa akipiga hesabu kichwani. Kesho jioni macho yatafunguka yenyewe, watu watasahau, hakuna atakayejua. Na kule karakana wako wasichana watatu waliopokelewa kwa sababu yeye alifaulu. Akitamka, watasema mnaona, mwanamke na umeme wapi na wapi. Hesabu ilikuwa nzuri. Tatizo lake lilikuwa lori la saa sita.

"Nauliza mara ya mwisho," alisema Mzee Matiasi. "Nani alikwambia?"

Ndikuriyo alitikisa kichwa. Clotilda naye akaliacha swali lipite. Alilisikia likipita, akalisindikiza kwa masikio mpaka likapotea, ndipo akasikia mngurumo wa injini ukipanda mlima. Lori lilikuwa limewahi. Niragira aliinuka, akajipachika furushi kichwani.

"Mimi," alisema Clotilda. Akarudia. "Ni mimi niliyemwambia, Mwenyekiti. Hakuna dawa. Ni ule mwanga wangu. Ukiutazama bila kioo cheusi unaunguza macho."

Injini ya lori ilifika uwanjani.

"Ulijua?" aliuliza Anatoli.

"Nilijua."

"Ukaniambia nikae mbele."

"Ndiyo."

"Na watoto?"

"Na watoto, Kamanda."

Alingoja tusi. Alilitaka. Lakini Anatoli alipapasa tu bega la mkewe na kuomba kiti.

"Tutapona?" Mzee Matiasi aliuliza.

"Kesho jioni, au keshokutwa asubuhi. Kaeni gizani, wekeni kitambaa cha maji safi ya baridi, msisugue. Atakayekuwa bado na maumivu keshokutwa nitampeleka hospitali mwenyewe. Nitapita kila nyumba kuwaambia."

"Kwa nini hukusema jana, binti?"

Majibu mengi yalimjia, yote yamevaa nguo nzuri. Akachagua lililokuwa uchi. "Walinicheka. Nilitaka wanione."

Mzee Matiasi alishusha pumzi. "Mfungueni Ndikuriyo."

Mgambo wawili walipapasapapasa kamba, wakashindwa, kwa kuwa hakuna aliyeliona fundo. Ikabidi afungue Clotilda. Katani ilikuwa imebana mpaka ngozi ya mzee imekuwa nyeusi. Clotilda alichukua muda mrefu kuliko alivyopaswa, na muda wote huo alikuwa karibu na pumzi za mzee.

"Kwa nini uliniambia mimi peke yangu?" Ndikuriyo aliuliza polepole.

Angeweza kudanganya. Ingemfariji mzee, na yeye pia.

"Ulikuwa umeshika chuma," alisema. "Ungeutazama mwanga ungeshtuka, mkono ungecheza, na kiungo kingepinda."

Ndikuriyo alisugua viganja vyake kwa zamu.

"Ego," alisema ndiyo kwa lugha ya kwao, kama mtu anayekubali bei. "Mimi nilidhani umenihurumia. Nikasema, basi, binti aliyenihurumia siwezi kumtaja."

Alitoka. Alilipokea furushi kutoka kichwani mwa Niragira, akalibeba mwenyewe, wakashika njia ya kwao bila kugeuka. Dereva wa lori alipiga honi uwanjani, akamwita fundi aje waifunge mashine kwenye lori. Clotilda alibaki amesimama na kamba mkononi, na kila mtu mle chumbani, ingawa wengi wao hawakuona kitu, alikuwa amegeuzia uso wake upande aliokuwa yeye.