Taa ya Kijani ya Mwalimu Marselino

Ukitaka kumkosesha usingizi Mwalimu Marselino, mwambie gari lake ni la wahuni. Ifakara nzima ilijua hivyo, na kwa kuwa watu wa mji huu wana huruma kidogo na muda mwingi, haikupita wiki bila mtu kumwambia.

"Mwalimu, Subaru hizi si ndizo wanazokimbizana nazo vijana, zinanguruma mpaka watoto wachanga wanaamka?"

Basi umejitakia mwenyewe. Mwalimu alifundisha jiografia miaka thelathini na miwili, na tangu astaafu alibaki na somo moja tu. Alikuwa akitundika kitambaa cha vumbi begani, anakohoa kidogo, anaanza. Kwamba waundaji wa Subaru walianza na ndege, siyo magari. Kwamba baada ya vita kuu ya pili walikatazwa kuunda ndege, kampuni ikakatwa vipande, wakajipoza na vipikipiki vya kwendea sokoni mpaka walipofika kwenye magari. Kwamba vipande vitano viliungana vikawa kimoja, ndiyo maana nembo ina nyota sita, kubwa moja na ndogo tano. Kwamba kampuni ya umeme ya huko Japani iliomba gari la kupandia milima yenye theluji, nao wakatia nguvu kwenye matairi yote manne. Theluji yenyewe Mwalimu hakuwahi kuiona zaidi ya ile ya kwenye friji ya bucha, lakini aliisimulia kama mtu aliyelima mpunga juu yake.

"Na injini yake haikusimama kama za wenzake," alimalizia. "Imelala. Pistoni zinarushiana ngumi kulia na kushoto. Huo mngurumo mnaousikia siyo uhuni, ni ndondi."

Mkewe, Justa, aliisikia historia hiyo mara ya kwanza siku gari lilipoletwa, lile la bluu, lililomeza kiinua mgongo chote na kuacha deni juu. Aliitazama nembo kwa makini.

"Baba Vitus, hizi nyota si Kilimia?"

"Zinaitwa Subaru."

"Ndiyo, Kilimia. Bibi yangu alikuwa anazitazama ajue lini aandae mbegu."

"Mama Vitus, hii ni teknolojia," alisema Mwalimu, akamtaka asiguse nembo kwa vidole.

Sasa, tuseme ukweli. Gari lile lilikuwa zima. Mwenye kasoro alikuwa dereva. Mwalimu alizunguka nalo mji asubuhi, mchana na baada ya misa, akipunguza mwendo mbele ya kila baraza lenye watu, na kila gunia la mpunga ambalo Justa aliliinamia shambani likaishia kituo cha mafuta. Mwezi wa sita wa mambo hayo, Justa alimwendea fundi Viktor kwa siri. Akamwomba alipunguzie gari kiu.

Viktor alijikuna kichwa. Alisema kuna fyuzi moja ukiichomeka kwenye kakasha kake, matairi ya nyuma yanalala, gari linavutwa na ya mbele tu. Wapo wanaosema inasaidia mafuta, yeye hana hakika.

"Chomeka," alisema Justa.

Akachomeka. Kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo ya kijani, ambayo waundaji waliiweka kwa nia njema ya kumwambia dereva kwamba miguu ya nyuma imelala. Justa alijua ameumbuka. Mwalimu alipoiona taa akaita majirani.

"Mnaona hiyo? Miguu yote minne imeamka. Magari mengine hayana."

Ee Mungu. Tangu siku ile taa ya kijani ikaingia kwenye historia, baada ya ndege na kabla ya ndondi. Miaka mitatu Mwalimu aliwaonyesha watu ushahidi kwamba gari lake linavuta kwa miguu minne, na ushahidi wenyewe ulikuwa unasema miwili. Hakugundua kwa sababu hakuwahi kutoka kwenye lami. Mvua ikinyesha, gari aliliacha chini ya turubai.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka kiama kama Vitus, mtoto wao pekee, asingempenda binti wa Chita anayeitwa Omega. Barua ya posa ilikwenda, ikapokelewa. Ikabaki siku ya wazazi kwenda kujitambulisha, na siku hiyo ilishavunjika mara moja, Januari, kwa sababu Mwalimu alikuwa anapiga gari rangi. Shangazi wa Omega, mama mmoja aitwaye Herieth ambaye kwao neno lake ni la mwisho, alipeleka ujumbe kwa mshenga: Jumamosi hii, kabla ya saa sita mchana. Mkichelewa tena, barua yenu mtaikuta kwa balozi wa nyumba kumi.

Ilikuwa Machi, na bonde zima limelowa. Barabara ya Chita mnaijua wakati wa masika. Justa aliijua pia, akalala macho wazi siku mbili.

"Baba Vitus, twende na treni," alisema Ijumaa.

Mwalimu alimtazama kana kwamba amemwambia waende na kitoroli. "Gari lililoundwa kwa ajili ya theluji lishindwe na tope la kijiji cha Mbingu? Wakwe wanione nashuka kwenye behewa na kuku?"

Justa alikimbilia gereji. Viktor hakuwepo, alikuwa amekwenda Mkula kufufua lori la mtu. Akafungua boneti mwenyewe Mwalimu alipokuwa anaoga, akaona mipira, waya na vikasha, asijue lipi ni lipi. Aliifunga akiwa na hofu ya kweli. Kama mwanawe atamkosa yule binti, atakuwa amemkosa kwa mkono wa mama yake.

Wakaondoka saa moja asubuhi wanne: Mwalimu kwenye usukani, mshenga Yoramu pembeni yake, Vitus na mama yake nyuma. Yoramu alikuwa amevaa viatu vyeupe, jambo linalokueleza kiasi gani aliiamini ile historia. Taa ya kijani iliwaka kwa utulivu. Mpaka Mbingu waliteleza na kuokoka. Mbele kidogo, kabla ya Mngeta, palikuwa na shimo la tope ambalo bodaboda walilizunguka kwa kupita shambani. Mwalimu akakataa kuzunguka.

"Tazameni," alisema, na akaingia.

Matairi ya mbele yalizunguka, yakarusha tope mpaka kwenye vioo, yakajichimbia. Ya nyuma yalisubiri kama wageni wa mwaliko. Gari likakaa kitako. Ilikuwa saa tatu na nusu. Vitus alishuka na suti yake akasukuma mpaka tope likafika mapajani. Yoramu alisukuma kwa ushauri tu.

Wakatokea Wasukuma wawili wakiswaga maksai wanne wa kulimia. Wakasalimia vizuri, shikamoo kwa kila mkubwa, kisha mmoja akasema wana mnyororo, wanaweza kulivuta.

"Hili?" Mwalimu alisema. "Kijana, hili haliwezi kuvutwa na ng'ombe. Hamjui lilikotoka."

Nusu saa ikapita kwenye mabishano hayo. Justa alimtazama mwanawe, aliyekuwa anafuta tope kwenye tai kwa mkono wenye tope.

"Baba Vitus," alisema, "waeleze basi. Wapeleke pale kwenye kichuguu pakavu, uwaeleze kuanzia mwanzo."

Mwalimu aligeuka taratibu. Katika miaka mitatu ilikuwa mara ya kwanza mkewe kumwomba historia, na macho yalimlowa kidogo. Akawashika mikono wale vijana wawili, na Yoramu akawafuata kwa ajili ya ukavu wa kichuguu. Ndege za historia zilisikika zikiruka.

Justa akampigia Viktor. Mtandao ulikuwa wa kubembeleza. "Mama, ukutani nyuma ya injini," ilisema sauti kutoka Mkula, "kuna kakasha kadogo peke yake kana kifuniko. Ndani kamo kamoja tu, ka bluu. Kang'oe."

Mama wa miaka hamsini na saba, kitenge kipya cha kujitambulisha kwa wakwe, alipanda juu ya bampa. Akakapata. Kalikataa kwa vidole, akakang'oa kwa kibanio cha nywele, akakafunga kwenye pindo la kitenge.

"Vitus, kaa kwenye usukani. Kanyaga polepole."

Gari lilitikisika nyuma, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, likajikusanya na kupanda kutoka kwenye shimo bila makelele. Mwalimu alifika mbio, ndio kwanza akiwa amefikia theluji.

"Mmeona?" aliwaambia Wasukuma. "Si niliwaambia?"

"Tumeona, mzee," walisema, wakimtazama Justa kwa adabu kubwa.

Mwalimu akamwondoa Vitus kwenye usukani, akaketi, akaitazama dashibodi.

"Taa imezimika."

Akagonga kioo cha dashibodi kwa kidole.

"Miguu minne imekufa. Hatuwezi kwenda. Mpigieni Viktor aje, tutamsubiri hapa hapa."

Ilikuwa saa nne na robo, na Chita bado mbali. Justa alihisi hasira ya miaka mitatu ikimpanda, na magunia yote yaliyokwenda nayo.

"Baba Vitus, nisikilize. Taa ile ilikuwa inawaka kwa sababu miguu ya nyuma imelala. Niliilaza mimi, nimechoka kulima kwa ajili ya petroli. Sasa nimeiamsha, ndiyo maana umetoka kwenye shimo. Fyuzi hii hapa." Akafungua pindo, akamwonyesha.

Sasa hapo ndipo penye ajabu. Mwalimu aliitazama fyuzi, akamtazama mkewe, na akacheka kwa upole, kama anavyochekwa mtoto wa darasa la pili aliyeiweka Japani karibu na Songea.

"Mama Vitus, wewe na magari wapi na wapi. Miaka mitatu taa inawaka, gari halijawahi kukwama hata siku moja. Leo imezimika, unataka niendeshe?"

Asiyejua maana haambiwi maana, na aliyestaafu ndiyo kabisa. Vitus alifungua mlango wa dereva.

"Baba, shikamoo," alisema, kana kwamba ndio wamekutana. "Naomba ukae nyuma na mama."

Labda ilikuwa ile shikamoo, labda lile tope. Mwalimu alishuka, akakaa nyuma, akafunga mkanda wake. Mpaka siku ile hakuna mtu mwingine aliyewahi kuendesha gari lile. Lilipita mashimo mengine saba, Justa aliyahesabu, na mahali ambapo malori yalilala lenyewe lilipita. Mwalimu hakuona hata moja. Alikuwa anaitazama ile sehemu nyeusi ambapo taa ilikuwa, kwa huzuni ya mfiwa.

Waliingia uani kwa kina Omega saa sita kasoro dakika nane. Shangazi Herieth alikuwa amesimama mlangoni na barua ya posa mkononi, tayari. Aliyatazama magoti ya Vitus, akatazama viatu vya Yoramu, akairudisha barua kifuani.

Wakakaribishwa mkekani. Yoramu akasema ya mshenga. Wenyeji wakauliza ya kuuliza, na kila swali lilipomfikia Mwalimu Marselino alijibu "Ndiyo" au "Tunashukuru," akainama. Ilipotajwa safari, hakuielezea. Mjomba mmoja alisifia gari kwa jinsi lilivyofika; Mwalimu alifunga macho, akatikisa kichwa taratibu. Justa alikaa roho mkononi akisubiri ndege ziruke. Hazikuruka.

Baada ya chakula, shangazi Herieth alimvuta Justa kando, karibu na mafiga.

"Mkwe wangu, nitakwambia kitu na usinielewe vibaya. Sisi tulikuwa tumeshaamua kukataa."

Shangazi akasukuma kuni mafigani.

"Kijana hatukuwa na neno naye. Ni baba yake. Tuliambiwa na watu watatu kwamba ni mtu wa maneno, kwamba ana gari, na ukikaa naye hupumui. Nikasema binti yetu hataolewa nyumba ya debe tupu, nikangoja mchelewe nipate sababu. Kumbe binadamu ni waongo namna hii. Mtu mpole, mwenye gari zuri kiasi kile, na hajalitaja hata mara moja."

"Ndivyo alivyo," alisema Justa, akalishika pindo la kitenge chake.

Posa ikakamilika siku ile ile.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno. Miezi yote hiyo gari lilikaa chini ya turubai, na Mwalimu hakutoka barazani. Alikonda. Watu walimchokoza kuhusu wahuni naye akasema huenda ni kweli. Justa alijua anapaswa kufurahi: magunia yalibaki ghalani, nyumba ilikuwa kimya. Siku ya tisa baada ya harusi, alipomkuta mumewe anaifuta dashibodi kwa kitambaa na kunong'ona nayo, alimwonea huruma, na alimpenda, akajikasirikia kwa vyote viwili.

Kesho yake alfajiri alimwita mkwewe uani. Akafungua boneti, akamwonyesha Omega kakasha kadogo ukutani nyuma ya injini, akafungua pindo na kumwekea kiganjani kale kafyuzi ka bluu.

"Mwanangu, mengine utafundishwa na mumeo. Hili ni letu mimi na wewe," alisema. "Mzee akitaka kusimulia, chomeka. Mkitaka kufika, chomoa."

Omega akachomeka. Ndani ya nyumba Mwalimu alikuwa anatafuta kitambaa chake cha begani.